Macho Yenye Pazia

Tumezoea kusema macho hayana pazia.
Haya niliyoyapachika juu ya ukuta yanalo:
hufunguka na kufungwa mara mia na ishirini kwa sekunde,
na bado, kati ya kope na kope,
mpira hupenya shubiri nzima bila shahidi.

Ni uwanja wa pelota, bondeni kwetu Ubaskini,
ambako mvua haijui kuaga.
Mpira ni uzi wa sufu ndani ya ngozi ya mbuzi,
mgumu kama jibu la mkopeshaji,
nao huupiga kwa kiganja kitupu.
Ukigonga bati la chini ya ukuta, bati hulia.
Kwa kilio hicho mjomba wangu Bixente
ameamua ugomvi wa watu miaka thelathini na mmoja.

Shirikisho likataka kamera.
Kazi nikapewa mimi, Eneritz, mpwa wake.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho.
Kihisi cha bei nafuu husoma mstari kwa mstari,
kama mtoto anayefuatisha kidole kitabuni;
afikapo mstari wa chini mpira umeshahama,
na picha inataga yai.
Mjomba akachungulia skrini: "Umeanza kufuga kuku?"

Nikanunua kingine, kinachofumba macho yote kwa pamoja.
Nikaukata muda wa nuru hadi uwanja ukawa kisima:
vijidoo milioni mbili vimekingwa mvuani
kufumba na kufumbua,
vikarudi na tone tone.
Nikaongeza taa. Nikaongeza tena.

Kisha nikaifundisha mashine kutoa.
Chukua picha hii, ondoa iliyotangulia.
Kilichotulia hujifuta chenyewe:
ukuta ukaenda, viti vikaenda,
saa ya manispaa, iliyokufa kabla sijazaliwa, ikaenda.
Hubaki kinachokwenda tu.
Programu hukizungushia kisanduku cha kijani,
hubashiri: hapa, halafu hapa;
ikikipoteza, hutangulia kukingojea,
kama askari anayejua njia za mwizi.

Jumanne jioni Oihan na Beñat
walinichezea kwa ahadi ya chakula.
Kisanduku kikaruka na mpira, ukutani, sakafuni, ukutani.
Na kingine, kidogo,
kikabaki pembeni.
Nikadhani nzi. Nikapangusa lenzi.
Kikabaki.

Pembeni pale ndipo alipoketi mjomba.
Mwenyewe hakuwamo. Alikuwa ametulia mno,
ile hesabu ya kutoa imemmeza mzima,
koti, magoti, na uso.
Ulibaki mkono wa kushoto,
peke yake gizani, ukitetemeka,
mara tano kwa sekunde, programu iliandika,
kwa utiifu ule ule inaouandikia mwendo wa mpira.

Nikageuka nimtazame kwa macho yangu.
Mkono ulikuwa kwenye goti, nusu yake chini ya kofia bapa,
na yeye ameinamisha sikio upande wa bati.
Basi alijua.
Ametuficha tangu lini?
Tangu Krismasi, alipompa Oihan chupa ya mvinyo wa tufaha,
"Mimina wewe, kijana, mimi nimechoka kusifiwa"?
Tulicheka sana usiku ule.

Katika programu kuna kizingiti, namba tu:
chini yake mtikisiko hauhesabiki, ni chenga.
Kilikuwa kumi na mbili.
Nikaandika ishirini.
Mkono ukazimika.
Mpira ukaendelea.

Bati likalia. "Nje!" akasema mjomba,
kabla mashine haijamaliza kufikiri,
akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda mbio.
Nikamwambia kweli, umeishinda.

Usiku, mezani, nilikaa kushoto kwake.
Nikampakulia supu mwenyewe,
nusu bakuli,
nikasema nyingine iko jikoni, inapoa.